Mwanafunzi Bora Asiyekula: Kiu ya Ukamilifu na Matatizo ya Ulaji

Mwanafunzi wa bweni anayeamka saa tisa usiku kujisomea, anayenakili upya daftari zima kwa sababu ya ukurasa mmoja uliochafuka, na anayewagawia wenzake ugali wake kila siku, huonekana kuwa mfano wa kuigwa. Hatoroki, hagombani, na ripoti yake ya muhula haina doa. Anapodhoofu, watu hutaja kwanza vidonda vya tumbo, malaria au uchovu wa mitihani. Mara nyingi huwa wamesema kweli, na maradhi ya mwili sharti yachunguzwe. Lakini yapo maradhi mengine yanayojificha vyema nyuma ya alama nzuri. Hayo ni matatizo ya ulaji, hususan anoreksia nevosa, ambayo ni kujinyima chakula hadi mwili ukonde kwa kiwango cha hatari. Maradhi hayo ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi.

Hilde Bruch, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, aliandika mwaka 1978 kuhusu wagonjwa wake, wengi wao wasichana watiifu waliofaulu sana shuleni. Mmoja wao alijifananisha na shomoro aliyefungiwa katika tundu la dhahabu. Bruch aliona kwamba wasichana hao walikuwa wameishi kwa kutimiza matarajio ya wengine, hata hawakuwa na hakika ni kipi kilichokuwa chao wenyewe. Kuishinda njaa kuliwapa jambo moja walilolitawala peke yao.

Hata hivyo, bidii si ugonjwa. Mwaka 1990 Randy Frost na wenzake nchini Marekani walitenganisha vipengele kadhaa vya kiu ya ukamilifu, vikiwamo kujiwekea malengo ya juu na hofu ya kukosea. Utenganisho huo una maana kubwa, kwa kuwa tafiti zilizofuata zimeihusisha hofu ya kukosea, kwa namna ya pekee, na matatizo ya ulaji. Mwaka 2002 Roz Shafran, Zafra Cooper na Christopher Fairburn wa Oxford waliieleza hali hiyo kuwa ni kuipima thamani ya nafsi, karibu yote, kwa kufikia viwango ambavyo mtu amejiwekea, hata pale vinapomdhuru. Mwenye hali hiyo akipata alama 78 hujiona ameanguka. Akipata 95 husema mtihani ulikuwa rahisi, kisha hupandisha kiwango. Hakuna matokeo yanayoweza kumtuliza.

Uzito nao una mvuto wa aina yake kwa mtu kama huyo. Mtihani wa taifa husubiriwa kwa miaka, ilhali mizani hujibu kila asubuhi, tena kwa namba. Kilo moja ikipungua, huo ni ushindi usiohitaji msahihishaji. Chakula huwa somo jingine la kufaulu.

Wako wanaodhani kwamba maradhi haya ni ya Wazungu na ya picha za wanamitindo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Ghana unatoa funzo tofauti. Kati ya wanafunzi 668 wa kike wa shule za sekondari waliochunguzwa, 29 walikuwa wamekonda sana, na kwa 10 kati yao kujinyima chakula ndiko kulikoonekana kuwa sababu pekee. Hawa hawakuwa na ile hofu ya unene inayotajwa vitabuni. Waliona kujinyima kuwa jambo jema, la kidini, na la kuonyesha uwezo wa kuitawala nafsi na kuikana njaa. Daktari anayeuliza tu kama msichana anaogopa kunenepa angewapita wote kumi. Hapa funga ya Ramadhani au ya Kwaresima haina lawama. Kinachostahili kuangaliwa ni funga inayoendelea baada ya wenzake wote kufungua.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi na walimu hawalitarajii: njaa yenyewe huukaza ugonjwa. Katika jaribio lililoanza mwishoni mwa mwaka 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana wa kiume 36, wa kujitolea, waliochaguliwa kwa uzima wa mwili na akili. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Wakaanza kuota chakula, kukusanya maelezo ya mapishi, kula polepole kwa taratibu za ajabu, kununa na kujitenga. Hakuna aliyekuwa na tatizo la ulaji kabla ya hapo. Kwa hiyo sehemu ya ukaidi unaomkera mzazi mezani ni kazi ya ubongo usio na chakula, na mabishano hayawezi kuuondoa.

Ndiyo maana tiba huanza na kula. Mgonjwa aliyekonda sana huhitaji kupimwa mapigo ya moyo, shinikizo la damu na chumvi za damu, hasa potasiamu ikiwa anajitapisha. Asilishwe kwa pupa: chakula kingi kwa ghafla baada ya njaa ndefu chaweza kuishusha fosfeti katika damu na kuudhuru moyo, hivyo hospitali ndiyo mahali pake. Kwa vijana, njia yenye ushahidi mzuri ni ile iliyoanzishwa katika Hospitali ya Maudsley, London, ambapo wazazi hawalaumiwi, bali hukabidhiwa kwa muda jukumu lote la mlo wa mtoto wao.

Uzito ukirudi, kiu ya ukamilifu mara nyingi hubaki, nayo hutibiwa kwa mazoezi madogo pamoja na mwanasaikolojia. Mwanafunzi hukabidhi insha bila kuinakili upya. Hulala saa nne usiku katika wiki ya mitihani. Kabla ya kila zoezi huandika anachohofia kitatokea, na baadaye, chini yake, huandika kilichotokea.