Wageni Wetu na Michoro ya Kolo

Wageni wa sharika rafiki wanaofika Dodoma hupenda kupelekwa Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tunawaeleza mapema kwamba Mungomi wa Kolo si makumbusho tu: wenyeji bado huenda pale kuomba mvua na uponyaji. (Kuhusu matambiko tuna msimamo wetu, ila mgeni hahubiri mlangoni pa mwenyeji.) Tunaanzia ofisini Kolo, tunalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Michoro haiguswi, wala hairushiwi maji ili picha itoke vizuri; maji huiharibu. Chakula tunanunua palepale kijijini, maana kiingilio huenda serikalini.