Kinachofanya nzi wa matunda kuwa kibete

Wachuuzi wa ndizi mjini Kitale na katika soko la Chwele, Bungoma, huwaona kila siku nzi wadogo wakizingira matunda yaliyoiva mno. Wengi hudhani walio wadogo zaidi ni watoto. Sivyo. Nzi akishaota mabawa hakui tena. Ukubwa wake huamuliwa angali buu.

Buu hula chachu inayoota kwenye tunda linalooza. Apatapo protini ya kutosha, tishu zake za mafuta huuarifu ubongo, nao humwaga homoni inayofanana na insulini ya binadamu, naye hukua. Akikosa chakula mapema, husubiri. Lakini akishafikia uzani fulani, homoni nyingine, ekdisoni, humgeuza pupa hata akiwa na njaa. Hutoka nzi kibete, mwenye mayai machache.

Ndiyo maana kipande kidogo tu cha tunda bovu chatosha kuzalisha nzi. (Nzi mharibifu wa maembe, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, ni mwingine, yeye hushambulia tunda likiwa mtini.) Katika joto la nyuzi 25, yai huwa nzi kwa siku 10 hivi. Kitale, kwenye baridi zaidi kuliko Bungoma, mchuuzi ana siku kadhaa za ziada za kuzoa maganda.