Tochi ya macho kumi, kazi ya mikono yetu

Juma hili tuache kidogo habari za sabuni na unga, tuongee juu ya mwangaza wa usiku.

Mto Ruzizi unatoa umeme hapa karibu tangu kabla ya uhuru wa 1960, lakini hapa Bagira bado tunalala na mshumaa pembeni ya kitanda. Sisi walimu tunaona matokeo yake asubuhi: madaftari yenye matone ya nta, watoto wenye macho mekundu. Na hilo ndilo dogo. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, tena zimebanana. Mshumaa mmoja ukigusa chandarua, hauunguzi nyumba moja tu.

Tochi za bei ndogo za sokoni Kadutu zinaangaza vizuri siku za kwanza, kisha macho yake yanazimika moja moja. Si uchawi. Katika nyingi, ledi, yaani vile vitaa vidogo vyeupe, zimefungwa moja kwa moja kwenye betri bila kitu cha kupunguza nguvu. Kitu hicho kinaitwa rezistansi. Ni kijiti kidogo chenye mistari ya rangi, fundi wa redio anacho. Mama anayejua hesabu ya likelemba hatashindwa na hesabu yake.

Betri ya simu ndogo, aina ya BL-5C, imeandikwa volti 3,7, lakini ikijaa inafika 4,2. Ledi nyeupe inatumia karibu volti 3,2. Inabaki volti 1 ya kuzuia. Ledi ya kawaida ya milimita 5 inataka miliampea 20, ndiyo ampea 0,02. Gawa 1 kwa 0,02, unapata omu 50. Sokoni omba ya omu 56, ambayo iko juu kidogo, na ledi itaishi zaidi. Kila ledi iwe na rezistansi yake. Ukifunga kumi kwa rezistansi moja, siku moja ikifa, zinazobaki zinabeba mzigo wake na kuifuata.

Kwa mwili wa tochi, kopo la plastiki la mafuta ya kujipaka linatosha. Toboa kifuniko matundu kumi kwa msumari wa moto, ingiza ledi. Mguu mrefu unaenda upande wa +, mfupi upande wa −. Ukigeuza, ledi haiwaki. Fundi alehemu rezistansi kwenye kila mguu mrefu, kisha aunganishe yote kwenye waya mmoja unaopita kwenye swichi. Betri nzuri ya miliampea-saa 1000 itawasha macho hayo kumi kama saa tano hivi, muda wa kutosha kwa mtoto wa darasa la sita kurudia masomo na kwa mama kupanga bidhaa zake za kesho.

Kuna kitu watoto wanapenda kusikia: ledi nyeupe kwa kweli ni ya bluu, imepakwa unga wa njano juu. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa ajili ya hiyo bluu.

Sasa betri. Hapa sitaki mzaha, maana tusikimbie moto wa mshumaa tukaangukia moto wa lithiamu. Usikubali mtu alehemu juu ya betri yenyewe. Fundi atoe kikalio cha betri katika simu iliyokufa, waya zilehemiwe hapo. Kuichaji, irudishe ndani ya simu inayofanya kazi, ichajiwe humo. Usiifunge kwa waya wazi kwenye chaja. Isikae mfukoni pamoja na funguo au makuta ya chuma. Ikivimba, kazi yake imeisha: usiitoboe, usiitupe kwenye mbabula, na mtoto asiichezee.

Wengine watapenda ledi moja kubwa ya wati 1, kwa kumulika njia ya choo au ya maji. Inafaa, lakini inapata moto sana na lazima ikalie bamba la alumini. Kipande cha sufuria iliyotoboka kinafanya kazi hiyo. Inataka pia rezistansi ya hesabu nyingine, muulizeni fundi. Kwa ndani ya nyumba mimi nachagua zile ndogo kumi. Mwangaza wake unaenea, nao hauumizi macho ya mtoto anayeandika. Hata hizo, msimmulike mtoto usoni.

Kikundi kinachotaka kuanza kinunue pamoja: ledi na rezistansi zikinunuliwa nyingi, bei inashuka. Mwiteni fundi siku ya mkutano wa AVEC alehemu tochi mbili za kwanza mbele ya wote, kisha awape wasichana wetu chuma cha kulehemia wamalize zilizobaki, naye akiwa pembeni anaangalia.