Mashine Ndogo ya CNC: Hakiki Pembe Mraba Kabla ya Kukata Mbao za Mteja

Fundi seremala wa Tarime, Sirari, Nyamongo au Mugumu anayenunua mashine ndogo ya CNC, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, mara nyingi huipokea ikiwa vipande ndani ya boksi. Hata ile iliyounganishwa dukani hutikiswa njiani, na bolti zake hulegea. Hivyo tunamshauri kila mnunuzi asiamini mashine kwa kuitazama. Aipime.

Kosa linalopatikana mara kwa mara ni mihimili kutokukutana kwa nyuzi 90. Mhimili wa X huenda kushoto na kulia, wa Y huenda mbele na nyuma, na wa Z hupanda na kushuka. Boriti inayobeba kichwa cha kukatia ikitangulia upande mmoja, kila mstatili unaokatwa huwa umepinda. Mlango hautakaa kwenye fremu, na ubao wa mninga uliokwisha kukatwa haurudi. Hasara humwangukia fundi, si muuzaji.

Maandalizi

Chomoa mashine kwenye umeme. Iweke juu ya meza imara na uisawazishe kwa pima maji. Kaza bolti zote, kisha sukuma boriti kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mahali, reli zake haziko sambamba. Pima umbali kati ya reli mbili za pembeni kwenye ncha zote mbili: vipimo hivyo sharti vilingane.

Tumia tepu moja kwa kazi yote. Kwa kuwa ndoano ya tepu huchakaa, anzia kwenye alama ya milimita 100, kisha toa 100 katika jibu.

Jaribio la ulalo

Mafundi ujenzi huweka kona za msingi wa nyumba kwa uzi na kanuni ya 3, 4, 5. Kanuni hiyo hiyo inatosha hapa.

1. Funga kipande cha mbao laini au cha MDF juu ya meza ya mashine.
2. Iamuru mashine itoboe matundu manne madogo katika kona za mstatili wa milimita 600 (X) kwa 800 (Y). Mashine yenye eneo la 300 kwa 180 itumie 200 kwa 150.
3. Pima ulalo wote wawili, kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo wa upande uleule wa tundu jingine. Kila mmoja uwe milimita 1,000. Kwa mashine ndogo, 250.

Ulalo ukilingana, pembe ni mraba. Usipolingana, ulalo mrefu ndio unaoonyesha kosa. Ukiwa umesimama mbele ya mashine, ikiwa ulalo mrefu unatoka kona ya karibu kushoto kwenda kona ya mbali kulia, basi ncha ya kulia ya boriti imetangulia. Irudishe nyuma.

Kiasi cha kurudisha hupatikana hivi: zidisha tofauti ya ulalo kwa urefu wa ulalo, gawanya kwa mara mbili ya eneo la mstatili, kisha zidisha kwa umbali kati ya reli za pembeni. Mathalani, tofauti ni milimita 3 na reli zimeachana milimita 800: 3 × 1,000 ÷ (2 × 600 × 800) × 800 = milimita 2.5. Kosa hilo ndilo litakalotokea kwenye mlango wenye upana wa milimita 800: kona moja itakuwa juu kuliko mwenzake kwa milimita 2.5. Rekebisha, kaza, toboa upya, pima tena.

Urefu na kichwa cha kukatia

Ulalo kulingana hakuthibitishi kwamba urefu ni sahihi. Iamuru mashine isogee milimita 400, kisha pima. Ikisogea 398, zidisha idadi ya hatua za mota kwa 400, ugawanye kwa 398. Penye hatua 800 kwa milimita, weka 804.02. Katika mashine zinazotumia programu ya GRBL, namba hiyo huwekwa kwenye $100 kwa X, $101 kwa Y na $102 kwa Z.

Kichwa nacho kisimame wima. Funga kijiti kilichopinda mahali pa kisu, kizungushe kwa mkono, na uhakikishe ncha yake inagusa karatasi kwa uzito uleule mbele, nyuma, kushoto na kulia.

Umeme ukikatika

Mashine yenye mota mbili kwenye mhimili wa Y hupoteza mraba kwa urahisi umeme ukikatika, kwa sababu mota moja huweza kusogea bila nyingine. Usiendelee na kazi pale ilipokomea. Sukuma ncha zote mbili za boriti hadi kwenye vizuizi vya mwanzo, washa, kisha anza upya. Vaa miwani na barakoa wakati wote wa kukata.

Haki ya mnunuzi

Omba jaribio la ulalo lifanyike mbele yako kabla ya kulipa. Dai risiti ya EFD, na sifa za mashine ziandikwe: eneo la kukatia, kiwango cha usahihi na muda wa dhamana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Muuzaji akikataa kurekebisha kosa, hifadhi kipande ulichotoboa pamoja na vipimo vyake, uviwasilishe na lalamiko lako kwa Tume ya Ushindani. Kwa ushauri wa kiufundi, mwone ofisa wa SIDO wa mkoa.

Kipande kimoja cha MDF ni gharama ndogo kuliko mlango mmoja uliokataliwa.