Nani analala bila chandarua kizima? Iulize kompyuta!

Leo tunaongea kuhusu afya, lakini kwa njia ambayo pengine hujaizoea. Hatuongelei dawa wala sindano. Tunaongelea maswali: jinsi ya kuiuliza kompyuta swali la afya na kupata jibu la kweli. Usikonde, si mambo ya wataalamu peke yao. Kama unaweza kusoma ratiba ya masomo ubaoni, hili utaliweza.

Chukua mfano wa shule ya bweni. Nesi wa shule ana daftari. Kila anayekuja kutibiwa anaandikwa: jina, tarehe, ugonjwa. Mwisho wa muhula daftari limejaa. Mwalimu mkuu anauliza, "Malaria imezidi bweni gani?" Nesi anaanza kufunua kurasa moja moja, kidole juu ya kila mstari. Anaweza kumaliza siku nzima, na bado akakosea hesabu. Wakati huo vyandarua vilivyochanika vinaendelea kuning'inia, na mbu wanaendelea kula bila kubughudhiwa.

KANZIDATA NI NINI HASA?

Kanzidata ni daftari la ndani ya kompyuta, lakini limepangwa kwa majedwali. Jedwali lina safu, kama vile jina na bweni, na lina mistari. Kila mstari ni mtu mmoja au tukio moja.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani. Alisema taarifa zitunzwe katika majedwali yanayohusiana, na mtu aulize anachotaka bila kujali kompyuta imekihifadhi wapi. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuuliza maswali hayo. Leo tunaiita SQL. Inatumika benki, katika simu yako, na hospitalini pia.

Je, wajua? Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini karibu na Eldoret, Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika kanzidata ya kompyuta. Kazi iliyoanzia eneo hilo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya bure ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi.

MAJEDWALI YETU MAWILI

Haya ni ya mfano tu, na majina ni ya kubuni. La kwanza linaitwa wanafunzi:

namba | jina | bweni | chandarua
1 | Asha | Mwenge | kizima
2 | Baraka | Uhuru | kimechanika
3 | Neema | Mwenge | kizima
4 | Juma | Uhuru | (hakuna kilichoandikwa)
5 | Rehema | Mwenge | kimechanika
6 | Kelvin | Uhuru | kimechanika

La pili linaitwa mahudhurio, yaani kila safari ya kwenda kwa nesi:

namba | tarehe | ugonjwa
2 | 2024-03-04 | malaria
5 | 2024-03-06 | tumbo
6 | 2024-03-11 | malaria
1 | 2024-03-12 | malaria
4 | 2024-03-18 | malaria
2 | 2024-03-25 | malaria

Umeona? Jedwali la pili halina majina wala mabweni. Lina namba tu. Namba 2 ni Baraka, na hakuna haja ya kuandika jina lake na bweni lake kila anapougua. Akihamia bweni jingine, unabadilisha mstari mmoja tu. Huo ndio ujanja wa Codd.

SWALI LA KWANZA: LETE

Swali la SQL lina maneno machache ya msingi. SELECT ni kusema "niletee safu hizi". FROM ni kusema "kutoka jedwali hili". WHERE ni kusema "lakini wale tu wenye sifa hii". Tunataka wanaolala kwenye vyandarua vilivyochanika:

SELECT jina, bweni
FROM wanafunzi
WHERE chandarua = 'kimechanika';

Jibu: Baraka wa Uhuru, Rehema wa Mwenge, Kelvin wa Uhuru. Watatu. Nukta-mkato mwishoni inaiambia kompyuta kwamba swali limeisha. Maneno kama malaria au kimechanika yanawekwa ndani ya alama za mtajo moja moja. Namba hazihitaji.

KASHESHE YA PENGO

Sasa tulia kidogo. Juma yuko wapi? Chandarua chake hakikuandikwa. Labda siku ya ukaguzi hakuwepo. Labda hana kabisa! Lakini swali letu limemruka.

Pengine utasema, basi niulize wote ambao chandarua chao si kizima:

SELECT jina
FROM wanafunzi
WHERE chandarua <> 'kizima';

Alama <> maana yake ni "si sawa na". Jaribu uone: wanakuja walewale watatu. Juma bado hayumo! Kwa nini? Kwa sababu penye pengo kompyuta haijui kitu. Ukiiuliza kama kisichojulikana ni sawa au si sawa na 'kizima', haisemi ndiyo, haisemi hapana. Nayo huleta mistari ya "ndiyo" peke yake. Pengo lina jina lake, NULL, na lina namna yake ya kuulizwa:

SELECT jina, bweni
FROM wanafunzi
WHERE chandarua = 'kimechanika'
   OR chandarua IS NULL;

Sasa Juma anatokea. Hili si jambo dogo, mshikaji. Katika mambo ya afya, asiyeandikwa mara nyingi ndiye anayehitaji kufuatwa kwanza: aliyekosa ukaguzi, aliyekosa chanjo, asiyerudi kliniki. Ukisahau pengo, vyandarua vipya vinagawiwa na yeye anabaki vilevile.

SWALI LA PILI: UNGANISHA, KISHA HESABU

Turudi kwa mwalimu mkuu. Malaria imezidi bweni gani? Ugonjwa uko kwenye mahudhurio, bweni liko kwenye wanafunzi. Lazima tuyaunganishe majedwali kwa JOIN, na kinachoyaunganisha ni namba:

SELECT wanafunzi.bweni, COUNT(*)
FROM mahudhurio
JOIN wanafunzi ON wanafunzi.namba = mahudhurio.namba
WHERE mahudhurio.ugonjwa = 'malaria'
GROUP BY wanafunzi.bweni;

COUNT(*) inahesabu mistari. GROUP BY inasema "hesabu kila bweni peke yake". Jibu: Mwenge 1, Uhuru 4.

Ngoja! Uhuru tuna wavulana watatu tu, hao wagonjwa wanne wametoka wapi? Ni kwamba Baraka ameandikwa mara mbili. Tulihesabu safari, hatukuhesabu watu. Ukitaka watu, badilisha mstari wa kwanza uwe hivi:

SELECT wanafunzi.bweni, COUNT(DISTINCT wanafunzi.namba)

DISTINCT inasema "usimhesabu mtu mmoja mara mbili". Sasa jibu ni Mwenge 1, Uhuru 3. Majibu yote mawili ni sahihi, ila ni ya maswali tofauti. La kwanza linakuambia ni dozi ngapi za dawa zinaweza kuhitajika. La pili linakuambia ni watu wangapi wameumwa. Kwa hiyo kabla ya kubandika tarakimu ukutani, jiulize: nimehesabu nini?

KOMPYUTA HAINUSI MAJI YALIYOTUAMA

Uhuru ina malaria zaidi, na vyandarua vyake ni vibovu. Je, tumethibitisha kwamba vyandarua ndiyo sababu? Bado. Mtazame Asha: chandarua chake ni kizima, na malaria imempata. Rehema chake kimechanika, na hakuugua malaria. Labda Asha aling'atwa wakati wa prepo, kabla ya kulala. Labda aliambukizwa nyumbani wakati wa likizo. Watu sita ni wachache mno kutoa hukumu.

Swali la kanzidata linakuonyesha mahali pa kwenda kuangalia. Halafu unakwenda kwa miguu: kuna maji yaliyotuama nyuma ya bweni? Madirisha yana wavu? Wenye vyandarua wanavichomeka chini ya godoro, au vimefungwa juu kama pazia? Mbu anayeeneza malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo chandarua chenye dawa ni kinga muhimu. Na ukipata homa usijinunulie dawa tu: nenda ukapimwe kwanza.

SIRI YA MGONJWA SI YA KLABU

Sasa sehemu nyeti. Nguvu hii ya kuuliza inaweza kumsaidia mtu, na inaweza kumwumbua. Anayejua kuuliza "bweni gani lina malaria" anajua pia kuuliza "Asha alikwenda kwa nesi kufanya nini". Leo ni malaria. Kesho ni kipimo cha ujauzito au cha virusi vya UKIMWI. Mwanafunzi akijua kwamba daftari la nesi linasomwa na klabu nzima, hatakwenda kutibiwa. Atakaa na ugonjwa wake kitandani, ananyamaza. Hapo kanzidata yako imeua badala ya kuponya.

Sheria nayo inalijua hili. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Majina yabaki kwa nesi. Klabu ya afya ipewe jumla tu.

2. Jihadhari na tarakimu ndogo. "Mwenge: 1" inaonekana haina jina, lakini wote waliomwona Asha akitetemeka wanajua ni nani. Idadi ikiwa ndogo namna hiyo, usiibandike.

3. SELECT inasoma tu, haiharibu kitu. DELETE inafuta, na ukiiandika bila WHERE inafuta mistari yote ya jedwali. Wanaojifunza wapewe ruhusa ya kusoma peke yake, tena kwenye taarifa za kubuni.

Unataka kujaribu? Programu ya SQLite ni ya bure, haihitaji kompyuta kubwa, na ukishaiweka huhitaji intaneti. Mwombe mwalimu wa kompyuta. Huna kompyuta? Chora majedwali kwenye karatasi, mmoja awe kompyuta, mwingine aulize. "Kompyuta" hairuhusiwi kubahatisha. Mtacheka, lakini mtaelewa.

CHEMSHA BONGO

1. Lete majina ya wanaolala Mwenge wenye chandarua kizima.
2. Kila bweni lina wanafunzi wangapi? Na kwa nini mwalimu mkuu anahitaji kulijua hilo kabla ya kulinganisha mabweni?
3. (Ngumu!) Nani hajawahi kwenda kwa nesi?

Majibu (usichungulie kwanza!)

1. SELECT jina FROM wanafunzi WHERE bweni = 'Mwenge' AND chandarua = 'kizima'; Wanakuja Asha na Neema.

2. SELECT bweni, COUNT(*) FROM wanafunzi GROUP BY bweni; Watatu watatu. Ni muhimu kwa sababu wagonjwa 4 katika bweni la watu 20 si sawa na wagonjwa 4 katika bweni la watu 200.

3. SELECT wanafunzi.jina FROM wanafunzi LEFT JOIN mahudhurio ON wanafunzi.namba = mahudhurio.namba WHERE mahudhurio.namba IS NULL; LEFT JOIN inamweka kila mwanafunzi hata kama hana mstari upande wa pili, na mahali hapo panabaki pengo. Anakuja Neema. Je, Neema ni mzima kabisa, au anaumwa na anaogopa kwenda kwa nesi? Hilo kompyuta haiwezi kukujibu. Mwulize mwenyewe, kwa upole, mkiwa wawili tu.