Buluu Isiyo na Rangi

Msomaji mmoja anauliza kama unga wa kukoleza rangi utamsaidia kasuku wake mdogo wa buluu, wa ile jamii iliyotoka Australia, ambaye manyoya yake yamefifia. Hautamsaidia, kwa sababu ndege huyo hana hata chembe ya rangi ya buluu mwilini. Twanga unyoya wake mmoja uliodondoka na utabaki na vumbi la kijivu au kahawia. Ushike mzima ukielekea dirishani, mwanga upite kutoka nyuma, na ile buluu itakukimbia. Kama ingekuwa rangi ya kawaida, kama ile ya nguo iliyochovywa, isingepotea kwa kutwangwa wala kwa kugeuzwa.

Buluu hiyo hutokana na umbo. Seli za unyoya unaokua hutengeneza ndani yake wavu wa keratini, ambayo pia ndiyo malighafi ya kucha zetu, na matundu ya wavu huo ni madogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli ikifa, majimaji yaliyojaa matundu hukauka na hewa huingia mahali pake. Mwanga unapopiga hapo, mawimbi yake mafupi, yaani ya buluu, hurudishwa yakiwa yamepangana na kutiana nguvu. Yaliyobaki hupenya na kumezwa na melanini nyeusi iliyo chini. Kasuku wa kijani ana wavu huohuo, ila juu yake pana tabaka la manjano, na macho yetu huchanganya hizo mbili yakaona kijani. Mwaka 2017 wanasayansi walieleza katika jarida la Cell kwamba kasuku wa buluu ana badiliko dogo katika jeni moja inayotengeneza manjano hiyo. Hakuongezewa kitu; amepungukiwa manjano tu, na buluu iliyofichika ikajitokeza.

Atakayepinga atanionyesha heroe wa Ziwa Natron, ambao uwaridi wao kweli hutoka katika chakula. Hoja hiyo ni sahihi kwa heroe, hata kwa kanari. Lakini jamii ya kasuku ilishika njia yake. Manjano na nyekundu zao ni psitakofulvini, ambayo ndege huitengeneza mwenyewe katika vishimo vya ngozi vinamochipua manyoya. Rangi za karoti zinaweza kuonekana katika damu yake, lakini haziingizwi kwenye unyoya. Kwa hiyo unga wa kukoleza hauna pa kufikia, si kwa wa buluu, si kwa wa kijani.

Je, chakula hakina kazi? Kina kazi kubwa, ila kwa wakati wake. Unyoya hutoka ngozini kama ukili unavyotoka mikononi mwa msusi wa mkeka: ncha ndiyo iliyosukwa kwanza, shina ndilo la mwisho. Msusi akiishiwa miyaa mizuri siku moja akatumia mibovu, kasoro hukaa palepale hata kesho yake akipata mizuri tena, na mkeka utakatikia hapo. Ndivyo mstari mwembamba unaokatiza unyoya unavyotokea ndege akishinda njaa, akiugua au akiishi kwa hofu wakati unyoya ukikua. Ukishakomaa hauna damu, na hakuna dawa ya kuuponya. Utasubiri upukutike, mwingine uote.

Basi mlishe vizuri kabla na wakati wa kupukutisha manyoya. Mtama na ulezi pekee havitoshi, maana nafaka kavu zina upungufu wa vitamini A, inayolinda ngozi na vile vishimo. Mpe mchicha, sukuma wiki na karoti, na maji ya kuogea. Parachichi usimpe kabisa, ni sumu kwake. Kinda anayepoteza manyoya makubwa ya mabawa na mkia huenda ana virusi, na huyo ni wa daktari wa mifugo. Kwa wengine wote, ndugu msomaji, fedha ya unga wa rangi nunulia mboga.