Kazi za Nyumbani: Adabu za Mawasiliano Baina ya Mzazi na Mwalimu



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Amma ba'ad:

Kila muhula malalamiko huwa ni yale yale. Mwalimu anasema wazazi hawafuatilii. Mzazi anasema walimu wanatoa kazi bila ya kumfahamisha mtoto. Baina yao yupo mtoto, naye ndiye anayebeba habari kutoka huku kupeleka kule. Akiona wakubwa wake hawasemezani, hujifunza kumwambia kila mmoja lile analotaka kulisikia. Hili si jambo la masomo tu. Ni jambo la malezi, na katika hadithi mashuhuri ya Ibn Umar, Mtume (s.a.w.) alimfanya kila mmoja wetu kuwa mchunga atakayeulizwa juu ya alichokichunga.

Mtoto mmoja, walimu wawili

Unguja na Pemba, mtoto husoma skuli na husoma chuo. Kwenye skuli zenye mikondo miwili, anayesoma asubuhi huenda chuo mchana, na anayesoma mchana huenda chuo asubuhi. Mwalimu wa skuli hutoa maswali kumi akidhani mtoto ana nusu siku ya kuyafanya. Maalim wa chuo naye humtaka ahifadhi, akidhani hivyo hivyo. Aghlabu walimu hawa hawajuani.

Anayewajua wote wawili ni mzazi. Basi wajibu wake wa mwanzo ni kuwajuilisha ratiba ya mtoto: anatoka saa ngapi, anaingia chuo saa ngapi, anabakiwa na muda gani kabla ya Magharibi na baada ya Isha. Mwalimu akijua hayo, atajua kazi kiasi gani inamtosha. Asipojua, atamuona mtoto mvivu kumbe amechoka.

Mzazi asiyejua Kiingereza

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa hivyo wako mama na mabibi wengi wanaofungua daftari wakaona hawana la kusaidia, wakalifunga. Wasifanye hivyo. Asiyeisoma lugha hiyo bado anaweza kutazama tarehe, akaona kama kazi imemalizwa na kama imesahihishwa, na akamtaka mtoto amueleze kwa Kiswahili alichofanya. Akishindwa kueleza, hiyo ndiyo habari anayoihitaji mwalimu.

Adabu kwa mzazi

1. *Sahihi ni ushahidi.* Unapotia sahihi kwenye daftari unamwambia mwalimu kuwa umeiona kazi. Usitie sahihi kwa kuwa mtoto amesimama mlangoni na gari inapita. Mtoto anakuona, na anajifunza thamani ya neno lako.

2. *Usimfanyie kazi.* Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumerowa na juu kukavu, akamkemea muuzaji na kukataza ghishi. Kazi iliyofanywa na kaka au baba ikapelekwa kwa jina la mtoto ni kama rundo lile: mwalimu anaona juu kukavu, anaendelea na somo jengine, na mtoto anabaki na alichokosa hadi siku ya mtihani.

3. *Hakikisha kwanza.* Mtoto akisema "mwalimu hakutupa kazi" au "mwalimu ananionea", kumbuka kuwa aya ya 6 ya Suratul Hujuraat imetuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuchukua hatua. Uliza kama anayetaka kujua, usiulize kama hakimu.

4. *Sema palipokwama.* Ujumbe wa "mwanangu haelewi" haumsaidii mwalimu. Andika hivi: "Assalaam alaykum mwalimu. Mimi mama yake fulani wa darasa la sita. Jana alikaa na Hisabati saa nzima, swali la tatu na la nne hakuyaweza. Naomba umtazame. Jazaakallahu khayran."

5. *Jiepushe na ghiba.* Kundi la WhatsApp la wazazi ni la kupeana habari za kazi na mitihani. Likigeuka kuwa baraza la kumsema mwalimu asiyekuwepo, limeingia katika haramu, na hata kazi ya mtoto haikufanyika.

Adabu kwa mwalimu

Usiweke kwenye kundi majina ya watoto ambao hawakufanya kazi. Nasaha ni ya faragha, ama hiyo ni fedheha. Andika maelezo daftarini kwa Kiswahili chepesi ili na bibi ayasome. Na usimwite mzazi kwa mabaya peke yake. Mzazi aliyewahi kupigiwa simu kuambiwa "leo kafanya vizuri" hatoogopa simu ya pili.

Kwenye vijiji vya pwani, utazame mwezi unapopanga kikao. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana na akina mama huwa kwenye mwani. Mama asiyefika kikaoni siku hizo hakumdharau mwalimu. Yuko baharini anatafuta pesa za daftari lile lile. Kadhalika baba aliyeko dago: muulize ni nani aliyemwachia mtoto, uzungumze na huyo.

La kufanya wiki hii

Mzazi, nenda skuli na nenda chuo, hata kwa dakika kumi, ujitambulishe na uache namba ya simu inayopokewa. Mkubaliane jambo moja tu: daftari litatazamwa siku gani za wiki. Kisha mwambie mtoto, mbele ya mwalimu wake, kuwa nyinyi wawili mnazungumza. Mtoto akijua hivyo, hatokuwa na sababu ya kuwa na maneno mawili.

Tunamuomba Allah awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awalipe kheri walimu wao wa skuli na wa chuo, na atuwezeshe kuitekeleza amana hii. Aamin.

Wabillahi tawfiq.